Majina ya Mudende

Zamu yangu imefika na niliwaahidi kuandika juu ya mpira, lakini Jumamosi iliyopita kimetokea kitu kimeniondoa kwenye mpira kabisa. Mtanisamehe.

Tulienda watatu kwa Koko mmoja ambaye alipona Mudende. Mnajua mpango wetu: simu moja ya kurekodi, daftari moja, maswali kumi. Akatupokea vizuri, akatuwekea chai, akacheka na sisi. Nilipofungua daftari na kumwomba majina ya majirani zake wa wakati ule, akanyamaza. Halafu akauliza: "Mwana yangu, hii majina yote unaandika, itafika kwa nani?"

Nikasema itabaki kwetu. Akatikisa kichwa. "Hata wale walikuwa na karatasi ya majina." Akageuza mazungumzo, akauliza kama mvua imenyesha huku kwetu Nyundo. Tukamaliza chai, tukarudi.

Kwa wadogo zetu waliofika juzi kupitia Nkamira, na kwa wafanyakazi wa mashirika wanaotusoma: Mudende iko hapa hapa Rubavu, upande wa juu, kuelekea mlima Karisimbi. Mwaka 1997 palikuwa na kambi ya Wakongomani, wengi wao Watutsi waliokimbia Masisi na sehemu nyingine za Kivu ya Kaskazini. Walikimbia kuuawa, na kifo kikawafuata. Tarehe 22 Agosti 1997 wapiganaji, mabaki ya jeshi la zamani na Interahamwe, waliingia kambini wakaua zaidi ya watu 100. Kambi ikabaki palepale. Usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba wakarudi, na safari hii waliokufa walihesabiwa kwa mamia. Waliobaki wakapelekwa Gihembe, upande wa Byumba. Wakakaa huko zaidi ya miaka ishirini, mpaka Gihembe ilipofungwa mwaka 2021 na watu kuhamishiwa Mahama. Wengine wako Marekani sasa. Kila uhamisho unapoteza kitu. Mtu anabeba sufuria na godoro, lakini yule jirani aliyekuwa anakumbuka jina la mtoto wa hema la tatu anapanda basi lingine.

Rafiki yangu mmoja ananiambia kila siku: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Namheshimu, yeye amepoteza watu kuliko mimi. Lakini nimesoma historia ya huku tunakoishi na naona methali hiyo wameipenda sana watu wenye damu mikononi.

Angalia hii. Julai 1973 Juvénal Habyarimana, mtoto wa Gisenyi hii hii, alimpindua Grégoire Kayibanda. Wakasema ni mapinduzi bila damu. Mwaka 1975 akaanzisha chama chake, MRND, na kila Mnyarwanda akawa mwanachama tangu kuzaliwa, hata mtoto wa siku moja. Kati ya 1974 na 1977 viongozi wa serikali iliyoanguka, pamoja na wengine, kama 56 hivi, waliuawa kimyakimya magerezani, Ruhengeri na hapa Gisenyi. Familia ziliambiwa nini? Karibu hakuna kitu. Nchi ikaendelea na kazi, wafadhili wakaendelea kuisifia kwa utulivu wake. Na mnajua habari ilitoka vipi? Si kwa sababu kuna mtu alitafuta haki. Ni kwa sababu Théoneste Lizinde, aliyekuwa mkuu wa usalama, aligombana na bosi wake, akashtakiwa kwa njama ya mapinduzi mwaka 1980, na mwaka 1985 ndipo akahukumiwa kwa vifo vile. Yaani ukweli wa wafu ulisubiri wakubwa wakosane! Wasingekosana, pengine mpaka leo tungeimba bila damu, bila damu.

Sasa fuata uzi. Januari 1991 Inkotanyi walishambulia mji wa Ruhengeri na kufungua gereza. Lizinde huyo huyo akatoka. Siku chache baadaye, kwa kulipiza, Wabagogwe wakaanza kuuawa, Watutsi wafugaji wa milima hii ya kaskazini-magharibi, ambao hawakuwa na habari na vita. Waliouawa ni mamia. Serikali ikakana. Watu walihitaji kibali kutoka komini moja kwenda nyingine, kwa hiyo hata habari ilikosa miguu, ikachukua miezi kufika Kigali. Hapo ndipo naelewa jina la kile kitabu kikubwa alichoandika Alison Des Forges, kilichotoka mwaka 1999, ambalo kwa Kiswahili ni kama kusema: msimwache hata mmoja wa kusimulia. Muuaji anajua thamani ya msimulizi kuliko sisi tunaochoka kusikiliza.

Ila lazima niseme kweli, maana kwenye semina huwa tunadanganyana kidogo. Kuandika peke yake hakuzuii kitu. Januari 1993 tume ya kimataifa ya mashirika ya haki za binadamu ilikuja Rwanda, ikahoji watu, ikachimbua makaburi ya halaiki, na Machi ikatoa ripoti. Yale ya Wabagogwe yalikuwemo. Agosti mwaka huo huo mjumbe wa Umoja wa Mataifa, Bacre Waly Ndiaye, naye akatoa yake, na neno jenosidi alilijadili humo. Zilikuwa zimeandikwa, zimepigwa chapa, ziko mezani. Aprili 1994 ikafika hivyo hivyo. Hapa Nyundo watu walikimbilia seminari na kanisa kuu wakidhani nyumba ya Mungu itawaficha, wakauawa humo. Ukishuka mjini, kwenye kumbukumbu ya Commune Rouge, ni makaburini, mahali walipopelekwa kuuawa.

Na kuna jambo lingine linanisumbua zaidi. Ile tume ya 1993 ilipoondoka tu, mauaji yakaanza tena Gisenyi na Ruhengeri, wakafa mamia. Wageni walipanda ndege na madaftari yao. Waliohojiwa walibaki kijijini.

Ndiyo maana swali la Koko si swali la kizee. Karatasi ya majina ni kisu chenye makali pande mbili. Wabelgiji waliandika kabila kwenye kitambulisho miaka ya 1930, ikaonekana ni kazi ya ofisi tu, na mwaka 1994 kwenye vizuizi kadi hiyo hiyo ndiyo iliyoamua nani apite. Nyie wa mashirika mnaotuandikisha kila mwezi, jina la baba, jina la mama, alikotoka, mnisamehe nikiuliza: karatasi zile zinalala wapi usiku?

Kwa nini basi tusiache tu? Nimejibishana na mwenyewe, na nimerudi kwenye Kangura. Gazeti hilo lilianzia hapa Gisenyi mwaka 1990, mwenye nalo Hassan Ngeze, na Desemba mwaka huo likachapisha zile zinazoitwa amri kumi za kuwatenga Watutsi. Watu waliliona takataka. Lakini kuna waliotunza nakala, kuna waliorekodi redio RTLM kwenye kaseti. Kule Arusha, kesi yake na ya wenzake wawili wa redio ilisimama juu ya hizo karatasi na kaseti. Desemba 2003 wote watatu walipatikana na hatia, na Ngeze kwenye rufaa alipewa miaka 35. Hakuweza kusema sikuandika. Mtu aliyeweka gazeti chini ya godoro, pengine hata hakujua anafanya nini, alifunga mlango wa uongo.

Sisi Wakongomani hatuna hata hiyo. Tuna ile ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010, matukio 617 kati ya 1993 na 2003, yenye kurasa ambazo kila upande una zake usizopenda kusoma. Ilitaja matukio, ikataja wilaya na vijiji. Mahakama ya kuyasikiliza yote hayo mpaka leo hakuna. Na ukitazama yanayotuleta Nkamira tangu mwisho wa 2022, maneno ya chuki kwenye simu zetu ni yale yale ya Kangura, yamebadilishiwa lugha tu. Mtoto wa miaka kumi na sita hawezi kuyatambua kama hakuna aliyemwonyesha yale ya kwanza.

Kwa hiyo ninapendekeza tubadilishe utaratibu. Majina ya wazima yasiingie kwenye simu wala kwenye grupu. Msimulizi aamue mwenyewe kama jina lake liandikwe, na aweze kulifuta hata baada ya mwaka. Nakala mbili, sehemu mbili, na zote juu ya mlima. Mei 2023 Sebeya ilipofurika, na mafuriko ya siku zile yakaua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, mimi nilipoteza daftari langu la kwanza, wino wote ukawa maji ya bluu.

Jana nilirudi kwa Koko peke yangu, bila simu. Nikamweleza haya yote. Alisikiliza, akapepeta maharage yake mpaka mwisho, halafu akasema: "Basi andika moja kwanza. Tuone." Akataja jina la mtoto wake wa pili, na umri, miaka sita, na kwamba alikuwa anaogopa mbuzi.

Liko ukurasa wa kwanza. Hapa silitaji. Jumamosi narudi tena saa nane, anayetaka kwenda na mimi aniandikie.