Lugha na Uchaguzi wa Shule ya Biashara: Mfano wa Fontainebleau

Shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara ilianzia Harvard mwaka 1908. Tangu hapo anayechagua shule hulinganisha ada, sifa na mishahara ya wahitimu. Lugha ya kufundishia haikuwa kigezo, kwa kuwa ilikuwa Kiingereza.

Suala hilo lilichukua sura nyingine nchini Ufaransa. INSEAD iliasisiwa mwaka 1957, mwaka uleule uliotiwa saini Mkataba wa Roma ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Mwasisi wake mkuu, Georges Doriot, alikuwa profesa wa Harvard, na ingekuwa rahisi kwake kuinakili. Hata hivyo, wanafunzi wa kwanza walioingia Fontainebleau mwaka 1959 walitakiwa kumudu Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Kwa maoni yangu, sharti hilo lilikuwa la kisiasa kuliko la kitaaluma: meneja wa soko la pamoja alipaswa kujadiliana na adui wa jana kwa lugha ya adui huyo. (Safari hii Mwingereza wa lugha moja ndiye aliyebaki mlangoni.)

Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa mwaka 1999, katika ibara ya 137, unaagiza Kiswahili kiendelezwe kuwa lugha ya mawasiliano ya Jumuiya. Basi mshauri wa sera anayeidhinisha fedha za umma kumsomesha ofisa, iwe Nairobi, Arusha au London, hana budi kuuliza: mhitimu huyo atajadili mishahara na wapagazi wa bandari ya Mombasa au Bujumbura kwa lugha gani?