Ukaguzi wa Kinywa Katika Kliniki ya Mama na Mtoto

Meno ya utoto huweza kuanza kuoza mara tu yanapochomoza, kwa kawaida mtoto akiwa na umri wa miezi sita hivi. Bakteria walio katika utando unaoganda juu ya jino hula sukari na kutoa asidi, nayo asidi huyeyusha madini ya enameli. Mate hurudisha sehemu ya madini hayo, lakini yanahitaji muda. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa yaliyotiwa sukari, au anayepewa juisi na biskuti kila saa, haupati muda huo. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza.

Dalili ya mwanzo kabisa si tundu. Ni mstari mweupe usiong'aa, pembeni mwa ufizi, kwenye meno ya mbele ya juu. Katika hatua hiyo jino bado linaweza kuokolewa kwa floridi na kwa kupunguza sukari, bila sindano wala kutoboa. Mstari huo hufichwa na mdomo wa juu, hivyo asiyeuinua mdomo hauoni. Wazazi wengi humpeleka mtoto kwa daktari wa meno pale tu anapokesha akilia, na wakati huo kinachobaki mara nyingi ni kung'oa. Kumwachia daktari wa meno peke yake kazi ya kinga ni kuchelewa kwa makusudi.

Nchini Tanzania mtoto huyohuyo huwa ameshapita mikononi mwa wauguzi mara kadhaa. Chanjo hutolewa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi 9 na miezi 18, na uzito wake huandikwa kwenye kadi. Akiwa na miezi 9 ana meno machache ya mbele. Akiwa na miezi 18 magego ya kwanza yanachomoza. Hakuna huduma ya meno inayowafikia watoto wengi kiasi hicho kwa wakati unaofaa hivyo.

Njia ya kukagua meno katika kliniki ya kawaida ya mtoto imejaribiwa. Katika jimbo la North Carolina, Marekani, bima ya serikali kwa familia za kipato cha chini ilianza takriban mwaka 2000 kuwalipa madaktari wa watoto wakague kinywa, wamshauri mzazi na kupaka vanishi ya floridi. Watoto waliohudumiwa mara nne au zaidi kabla ya kutimiza miaka mitatu walihitaji matibabu machache zaidi ya meno yaliyooza.

Hofu ya floridi ina msingi katika mikoa kama Arusha na Kilimanjaro, ambako maji ya baadhi ya maeneo yanazidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita na meno ya kudumu huota yakiwa na madoa ya kahawia. Madoa hayo, hata hivyo, hutokana na floridi inayomezwa kila siku kwa miaka, wakati vanishi hupakwa kidogo sana, mara chache kwa mwaka. Huko muuguzi aulize kwanza mtoto anakunywa maji ya wapi, na asisitize dawa ya meno isizidi ukubwa wa punje ya mchele kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu.

Faida nyingine ya ukaguzi huo haihusu kuoza, lakini ni nzito. Mtoto mchanga anapopata homa au kuhara, baadhi ya familia huona uvimbe wa ufizi na kuamini ni "meno ya plastiki". Chipukizi la chonge hung'olewa kwa kifaa kisicho safi, na mtoto huweza kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi, hata kufa. Mama aliyekwisha kuonyeshwa na muuguzi kwamba uvimbe ule ni jino linalokua ana sababu ya kumpeleka mtoto apimwe malaria na apewe maji ya chumvichumvi, badala ya kumpeleka kwa mng'oaji.

Ni kweli wauguzi wamelemewa na foleni ni ndefu. Kuinua mdomo na kutazama, hata hivyo, hakuchukui dakika mbili. Wizara ya afya iufanye ukaguzi huo kuwa wajibu wa kila hudhurio kuanzia mtoto akiwa na umri wa miezi sita, na matokeo yake yaandikwe kwenye kadi kama uzito unavyoandikwa.