Lowndes, kaunti ya Alabama: udongo mweusi, kura na maji machafu

Lowndes ni kaunti moja ya jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Kaunti kule ni sawa teritware kwetu: iko na makao makuu yake, tribinali yake na viongozi wanaochaguliwa na raia. Makao makuu ya Lowndes ni Hayneville, muji mudogo usiofika watu 1 000. Muji unaouzidi, Fort Deposit, unapita 1 000 kidogo tu. Watu wengine wanakaa wametawanyika kwenye vijiji na kando ya barabara.

Hesabu ya watu ya 2020 ilikuta wakaaji 10 311, na karibu watu 7 juu ya 10 ni Weusi. Lakini hesabu ya 1900 ilikuwa imekuta 35 651. Kwa miaka 120 kaunti imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya watu wake, na kwa wakati huo wote haikupita vita wala volkano. Kwa kuelewa walikwenda wapi, inafaa kuanzia kwenye udongo.

Kaunti iko na ukubwa wa kilometa karé karibu 1 880, ndogo kuliko teritware nyingi za kwetu. Kaskazini inapakana na muto Alabama, mashariki na kaunti ya Montgomery, ambamo muna muji mukuu wa jimbo, na magharibi na kaunti ya Dallas, ambamo muna Selma. Barabara ya 80 inaikata kati, kutoka Selma mupaka Montgomery. Zamani sana bahari ilifunika sehemu hii, na ilipoondoka iliacha tabaka la chokaa laini. Juu yake kuna udongo wa mfinyanzi, muzito, na sehemu nyingi ni mweusi. Mvua ikinyesha unavimba na kushika maji. Jua likiwaka unapasuka. Eneo lote la udongo huo linaitwa Black Belt, maana yake mukaba mweusi. Kumbuka huo udongo, tutarudi kwake.

Wenyeji wa kwanza ni Wamuscogee, wale wazungu walioita Creek. Mwaka wa 1813 jeshi la Marekani liliwapiga vita hapa; jina Fort Deposit linatoka kwenye gala ya vyakula vya askari. Mwaka wa 1814, kwa mukataba, Wamuscogee walinyanganywa sehemu kubwa ya inchi yao. Kaunti yenyewe iliundwa tarehe 20 mwezi wa kwanza 1830, na kupewa jina la William Lowndes, mwanasiasa wa South Carolina.

Wazungu walikuja juu ya pamba, maana udongo mweusi uliizaa sana. Lakini hawakuilima wao. Mwaka wa 1860 kaunti ilikuwa na watu 27 716, na zaidi ya 19 000 kati yao walikuwa watumwa. Utumwa uliisha 1865, lakini mashamba yalibaki kwa mabwana wale wale. Mutu mweusi alilima shamba la mwingine, akagawana naye mavuno, na mwisho wa mwaka mara nyingi alikuta bado iko na deni ya mbegu na chakula. Kisha katiba ya Alabama ya 1901 ikaweka kodi ya kura na mitihani ya kusoma, na Weusi karibu wote wakafutwa kwenye orodha. Hivi ndivyo watu walianza kuondoka: mududu wa pamba alishambulia mashamba, viwanda vya Chicago na Detroit vilitafuta wafanyakazi, na usiku mumoja familia ilifunga mizigo.

Mwanzo wa 1965 Weusi walikuwa karibu 8 juu ya 10 ya wakaaji. Walioandikishwa kupiga kura kati yao? Hata mumoja. Mwezi wa tatu ule, matembezi ya Martin Luther King kutoka Selma kwenda Montgomery yalipita Lowndes. Sababu barabara ilikuwa nyembamba, tribinali iliruhusu watu 300 tu kuitembea ndani ya kaunti. Matembezi yalipoisha, tarehe 25, Viola Liuzzo, mama muzungu wa watoto 5 kutoka Detroit aliyekuwa anasafirisha waandamanaji kwa gari yake, alipigwa risasi na kufa kwenye barabara ya 80, ndani ya Lowndes. Tarehe 20 mwezi wa nane, Jonathan Daniels, muzungu aliyekuwa anasomea upadri wa Kanisa la Episcopal, aliuawa mbele ya duka huko Hayneville wakati alimukinga musichana mweusi wa miaka 17. Aliyefyatua alijulikana. Wanaume 12, weupe wote, walimuachilia.

Wakulima waliojiandikisha, wengi walifukuzwa kwenye mashamba. Familia zingine ziliishi kwenye mahema kando ya barabara ya 80, karibu miaka 2. Ni katika hali hiyo John Hulett na wakulima wenzake, pamoja na vijana kama Stokely Carmichael (yule aliyekuja kuishi Guinea kwa jina la Kwame Ture), waliunda chama chao. Sheria ya Alabama ilidai kila chama kiwe na alama, sababu watu wengi hawakujua kusoma. Sisi ambao kampeni zetu zinafanywa kwa namba na picha, tunaelewa haraka. Chama cha wazungu kilikuwa na jogoo mweupe. Wao wakachagua chui mweusi. Mwezi wa kumi 1966, vijana wa Oakland, California, waliazima yule chui kwa chama chao, Black Panther, na dunia yote ikafikiri alizaliwa mujini. Hapana. Alitoka kwa wakulima wa Lowndes.

Uchaguzi wa 1966 walishindwa viti vyote 7 walivyogombea. Mwaka wa 1970 Hulett alichaguliwa kuwa sherifu, yaani mukubwa wa polisi wa kaunti, na akashika kazi hiyo zaidi ya miaka 20.

Kura ilipatikana, lakini pesa hazikuifuata. Mashamba mengi ya pamba yamekuwa malisho ya ngombe na misitu ya mbao, kazi ambazo hazihitaji mikono mingi. Wengi wanaendesha gari kila siku kwenda kazini Montgomery, ambako kuna kiwanda cha magari cha Hyundai.

Na udongo, ule ulioshika maji vizuri kwa pamba, unashika pia maji ya choo. Mabomba ya muji hayafiki kwenye nyumba nyingi, kila mutu anapaswa kuchimba fosi septike yake. Ile ya kawaida, mfinyanzi unaikataa: mvua ikinyesha, uchafu unarudi ndani ya bafu. Ile inayofaa inaweza kudai dola maelfu kumi na zaidi. Kwa hiyo wengi wanaweka bomba linalomwaga nyuma ya nyumba. Kwa miaka mingi serikali iliwatisha kwa faini, na wengine walikamatwa. Catherine Coleman Flowers, mutoto wa Lowndes, ndiye aliyepeleka habari mbali. Mwaka wa 2017 watafiti walipima watu 55 wa kaunti, na 19 walikutwa na alama za minyoo ya safura. Safura, ndiyo, ile tunayoijua sisi, katika inchi tajiri kuliko zote.

Mwaka wa 2021 wizara ya sheria ya Marekani ilianza uchunguzi. Mwezi wa tano 2023 jimbo la Alabama lilikubali kuacha faini na kusaidia nyumba kupata mitambo. Mwezi wa ine 2025 serikali mupya ya Washington ilivunja makubaliano hayo, ikisema ni upendeleo wa rangi. Nyumba zingine zilikuwa zimekwisha kupata mitambo yao. Zingine zilikuwa bado kwenye orodha.