Celeron ya Dola 149 Iliyokimbia Kama ya Dola 669

Haya, leo tuongee kuhusu kuovakloki, yaani kuifanya prosesa ya kompyuta ikimbie kuliko kasi ambayo kiwanda kimeiandika juu yake. Anayeanza mchezo huu huuliza kwanza, "nibadilishe namba gani?" Swali zuri, lakini lina kaka yake mkubwa: kwa nini namba hiyo iliwekwa hapo? Jibu tamu kuliko yote ninayoyajua liko ndani ya prosesa moja ya mwaka 1998, Intel Celeron 300A.

Utundu wenyewe ni wa zamani zaidi. IBM PC/AT ya mwaka 1984 ilitoka na kasi ya MHz 6, ikipata mapigo yake kutoka kwa fuwele ya MHz 12 iliyochomekwa tu kwenye soketi. Wenye mikono myepesi waliing'oa, wakachomeka ya MHz 16, na mashine ikaenda MHz 8. Baadaye IBM ikaweka jaribio ndani ya BIOS: kasi ikizidi, mashine inagoma. Kwa hiyo mvutano kati ya anayeuza na aliyenunua ulianza mapema.

Sasa turudi 1998. Mwezi Aprili Intel walitoa Celeron ya kwanza, ya MHz 266, kwa ajili ya kompyuta za bei nafuu. Ili ishuke bei waliinyima kashe ya ngazi ya pili, ile kumbukumbu ndogo ya haraka inayoipunguzia prosesa safari za kwenda kwenye RAM. Kwa kazi za ofisini ikawa nzito, na magazeti ya kompyuta yakaisema vibaya. Intel wakajirekebisha. Tarehe 24 Agosti mwaka huo wakatoa 300A yenye kashe ya KB 128, na hapa ndipo mambo yalipopinduka: kashe hiyo ilikuwa ndani ya kipande kile kile cha silikoni, ikienda kasi sawa na prosesa. Pentium II, dada yake tajiri, ilikuwa na KB 512, lakini katika vipande vya pembeni vilivyokwenda nusu ya kasi.

Siku hiyo hiyo Intel walizindua pia Pentium II ya MHz 450. Bei yake kwa wanaonunua elfu moja kwa mpigo: dola 669. Bei ya 300A: dola 149.

Tupige hesabu kidogo (si ngumu, vumilia). Prosesa hupata kasi yake kwa kuzidisha mapigo ya njia kuu ya mazabodi. Celeron 300A ilikuwa na kizidishio cha 4.5 na njia ya MHz 66, hivyo 300. Kizidishio kilikuwa kimefungwa kiwandani, hukigusi. Lakini mazabodi za Pentium II zenye chipuseti ya 440BX, zilizotoka Aprili ile ile, ziliweza MHz 100. Na 100 mara 4.5 ni ngapi? Ni 450! Celeron 333 haikuwa na bahati hiyo, kwa sababu kizidishio chake cha 5 kingeipeleka moja kwa moja hadi 500, mlima mkali zaidi.

Mazabodi ya Abit BH6 ilikuachia kuchagua MHz 100 ndani ya BIOS bila kuhamisha jampa hata moja. Waliokuwa na mazabodi zinazojiamulia zenyewe walitafuta pini ya B21 kwenye ukingo wa kadi ya prosesa, ile inayoiambia mazabodi "mimi ni wa 66", wakaiziba kwa kipande chembamba cha selotepu. Kadi inarudishwa, unawasha, unasoma 450 kwenye skrini. Selotepu ya shilingi chache!

Je, Intel walikuwa wajinga? Hapana. Kiwanda hupima kila prosesa, lakini soko nalo lina usemi. Wateja wakitaka nyingi za bei nafuu, kipande chenye uwezo wa 450 kitaandikwa 300 na kuuzwa hivyo. Kuhusu kufuli la kizidishio, Intel walikuwa na sababu ya haki: matapeli walikuwa wakifuta maandishi ya prosesa, wakiandika kasi kubwa na kuziuza kwa bei ya juu. Ni kweli. Ni kweli pia kwamba kufuli hilo hilo lilimlinda yule wa dola 669 dhidi ya yule wa 149. Mimi naamini yote mawili.

AMD nao walifungia Athlon na Duron za mwaka 2000, ila vidaraja vya kufuli viliachwa wazi juu ya prosesa. Watu walivichora kwa penseli, risasi yake ikapitisha umeme, kufuli likafunguka. Athlon XP ya 2001 ilipokuja, kati ya vidaraja palichimbwa vishimo kwa leza, na penseli peke yake haikutosha.

Joto halidanganywi kwa selotepu, lakini. Umeme unaoliwa hupanda sawa na kasi, na hupanda kwa mraba wa volti. Celeron ya volti 2.0 ikitoka 300 hadi 450 hula karibu mara 1.5. Ukiisukuma hadi volti 2.2 ili itulie, unafika mara 1.8. Feni ya kawaida haikupangiwa hayo.

Na kuna jambo linalonigusa mimi ninayeandika programu. Prosesa iliyosukumwa mno si lazima izime. Inaweza kuwaka vizuri, ikacheza muziki, kisha ikakosea hesabu moja kati ya mabilioni. Watu wa Linux waliijua mapema: ukikompaili keneli na kompaila ikafa kwa signali 11, kila mara mahali tofauti, shuku kifaa kabla ya kushuku msimbo. Mradi wa GIMPS wa kusaka namba tasa, ulioanza 1996, haukuweza kuvumilia kosa hata moja, ndiyo maana programu yake ya Prime95 ina jaribio la kuitesa prosesa na kulinganisha majibu na yale yanayojulikana. Waovakloki wakaligeuza kuwa mtihani wao.

Mwaka 2005 Raymond Chen wa Microsoft aliandika kuhusu ripoti za Windows kuanguka kwenye agizo linaloweka sifuri tu ndani ya rejista, agizo lisiloweza kushindwa. Waliowasiliana nao, baadhi walikiri kuovakloki. Wengine walishangaa: hawakufanya lolote. Duka lililowaunganishia kompyuta ndilo lililoisukuma prosesa kimya kimya na kuwauzia kama yenye kasi kubwa. Yaani tapeli yule yule wa kufuta maandishi, amerudi kwa mlango wa BIOS, na lawama zikaenda kwa waandishi wa programu.

Mchezo ulibadilika kuanzia 2008, Intel walipoleta Turbo Boost katika Core i7, na prosesa ikaanza kujiongezea kasi yenyewe palipo na nafasi. Mwaka 2011, kizazi cha Sandy Bridge kiliunganisha saa ya njia kuu na karibu kila kitu kingine, hivyo ukiipandisha kidogo tu diski na USB zinaweza kuyumba. Njia ya maana iliyobaki ni kizidishio, nacho Intel walikiacha wazi kabisa kwenye zile zenye herufi K mwisho wa jina, ambazo huuzwa ghali kidogo kuliko wenzake. Kile ambacho 1998 kilipatikana kwa selotepu kikawa na bei yake dukani.