Nywele kukatika, sehemu ya 3: Leo tunarudi nyuma kidogo

Baada ya somo la jana wengi mmeniuliza swali moja: "Nesi, hii ya nywele za mbele kuisha si ni mambo ya sasa hivi, ya rasta na wigi?" Hapana. Tuanzie mbali.

Mwaka 1907 daktari mmoja anaitwa Trebitsch aliandika kuhusu wanawake wa Greenland, kule kwenye barafu. Walikuwa wanakusanya nywele zote juu na kuzifunga kwa nguvu, na za mbele na pembeni zikawa zinapungua mpaka panabaki wazi. Rasta hawakuwa nazo, dawa ya kulainisha hawakuijua, na nywele zao zimenyooka, si kipilipili kama zetu. Kilichowamaliza ni kuvutwa tu. Kwa hiyo shangazi akikwambia "ukoo wetu ndivyo tulivyo", mwulize kwanza alikuwa anabanaje nywele.

Mzizi ukivutwa kila siku unavimba. Ndiyo vile vipele vidogo mnaona kwenye paji la mtoto siku ya pili baada ya kusukwa. Ukifumua mapema, nywele zinarudi. Ukiendelea miaka, mzizi unageuka kovu, na kovu halioti nywele hata upake nini. Jamani, mtoto wa miaka minne akilia kwenye kiti cha msusi, hadeki. Inauma kweli. Mwambie msusi alegeze, hasa mistari ya mbele. Kumpa dawa ya maumivu ili alale na msuko uliokaza siyo suluhisho.

Sasa twende Marekani. Sarah Breedlove alizaliwa 1867 huko Louisiana, wazazi wake walikuwa watumwa. Akiwa mtu mzima nywele zikaanza kumtoka. Alikuja kuwa tajiri kwa kuuza mafuta ya nywele, dunia ikamjua kama Madam C.J. Walker. Ndani ya mafuta yake kulikuwa na salfa na mafuta ya mgando. Ila alisisitiza pia kuosha kichwa mara kwa mara, wakati ambapo nyumba nyingi hazikuwa na bomba ndani na watu walikaa muda mrefu bila kuosha nywele. Mimi kama nesi naona hapo ndipo alipowasaidia wengi: maji na sabuni. (Wanaosema aligundua chanuo la moto wanakosea, lilikuwepo kabla yake.)

Na hilo chanuo lina kesi yake. Mwaka 1968 madaktari wa Marekani waliwaeleza wanawake weusi waliokuwa na upara utosini, wakasema ni mafuta ya moto yanayoteremka mpaka kwenye mzizi. Baadaye tatizo hilohilo likaonekana hata kwa wasiotumia chanuo la moto, na siku hizi tunajua kuna familia linarithiwa. Nywele zikianza kuisha utosini na pana muwasho au maumivu, njoo hospitali mapema. Usisubiri zikue.

Dawa ya kulainisha nayo ina umri. Garrett Morgan alifungua kampuni ya kuuza dawa ya kunyoosha nywele mwaka 1913. Zile kali zilizokuja baadaye zina kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Inavunja viungo vya ndani ya unywele ndipo unanyooka, kwa hiyo umenyooka lakini umedhoofika. Profesa Khumalo na wenzake, Cape Town, walichunguza wanafunzi na wanawake na kukuta walioumia zaidi nywele za pembeni ni wale waliosuka juu ya nywele zenye dawa. Kwa hiyo ukiweka dawa leo, usisuke leo. Kaa angalau wiki mbili. Na mtoto msimwekee kabisa.

Kabla hujanunua mafuta yoyote, okota unywele kwenye chanuo uangalie ncha zote mbili. Ukiona kakipira keupe upande mmoja, umetoka na mzizi. Kama hakuna, umekatika njiani, na hapo angalia joto, dawa na uchanaji wa nywele zikiwa kavu.

Kesho ni mapunye, yanayokata nywele za watoto usawa wa ngozi. Hayo yanataka vidonge kutoka kituo cha afya, kupaka peke yake hakutoshi. Wenye watoto wa shule msikose.