Nani Hasa Aliitengeneza Lenzi ya Baba Mdogo?

Haya wasomaji wangu, leo naweka programu kando kidogo. Nataka kuwasimulia juu ya kipande cha chuma na kioo. Msikimbie, mambo ya kompyuta yatajitokeza huko mbele.

Marehemu baba mdogo alikuwa na studio ya picha Nakuru. Alipiga picha za vitambulisho, za harusi, za watoto waliovalishwa nguo za Krismasi. Vifaa vyake vimebaki kwa mama mdogo, ndani ya sanduku la bati. Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia simu. Kuna mnunuzi alikuja akaigeuzageuza ile lenzi kubwa, akasema: "Mama, hii Vivitar ni jina tu. Hawakuwa hata na kiwanda. Nitakupa elfu moja."

Mama mdogo akaniuliza, "Wewe uliyesomea mashine, anasema kweli huyu?"

Nusu ya maneno ya yule bwana ni kweli. Shida iko kwenye nusu ya pili.

Tuanze na historia. Mwaka 1938 wahamiaji wawili kutoka Ujerumani, Max Ponder na John Best, walianzisha biashara ya vifaa vya picha huko California, Marekani. Wakaiita Ponder & Best. Walikuwa waagizaji, si mafundi. Mwanzoni waliuza bidhaa za Ujerumani. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakageukia Japani. Baadaye wakaona kwa nini wauze majina ya watu wengine tu, wakabuni jina lao: Vivitar.

Kiwanda cha lenzi hawakujenga. Walipeleka kazi kwa viwanda vya Japani, kila kimoja na ujuzi wake. Kwa lenzi zao bora, zilizoitwa Series 1, waliwatumia pia wabunifu wa Marekani kupiga hesabu za vioo. Mteja aliyenunua dukani aliona neno moja tu: Vivitar. Aliyekata vioo na kuvisugua hakutajwa popote.

Au tuseme hakutajwa kwa herufi. Kwa nambari alitajwa!

Lenzi nyingi za Vivitar za miaka ya 1970 na 1980 zina nambari ndefu iliyochongwa kwenye mwili. Tarakimu za mwanzo ni alama ya kiwanda. Zile maarufu ni hizi:

22 ni Kino Precision, ambao baadaye waliuza lenzi kwa jina lao wenyewe, Kiron.
28 ni Komine.
37 ni Tokina.
9 ikisimama peke yake mwanzoni ni Cosina.

Baada ya alama ya kiwanda, tarakimu moja ni mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki. Zilizobaki ni za kuhesabia lenzi yenyewe. Wenzangu wa programu mmeshaona: hii ni kazi ya mistari michache tu, unakata nambari vipandevipande kisha unatafuta kila kipande kwenye jedwali.

Nilimwambia mama mdogo anisomee. Akavaa miwani, akasoma taratibu: "Mbili, mbili, sita, sifuri, tatu..." Basi, 22 ni Kino. 6 ni mwaka. 03 ni wiki ya tatu.

Lakini 6 ya mwaka gani? 1976 au 1986? Mnakumbuka hofu ya mwaka 2000, tulipoambiwa kompyuta zitachanganyikiwa kwa sababu mwaka uliandikwa kwa tarakimu mbili? Hawa walitumia moja! Ndiyo maana nambari peke yake haitoshi. Lazima utafute ushahidi mwingine kwenye lenzi yenyewe.

Lenzi ya baba mdogo ni zumu ya Series 1, 70-210mm. Jina hilo moja lilipita mikononi mwa viwanda vinne. Ya kwanza ni ya Kino: f/3.5, na chujio ya mbele ni ya 67mm. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kazi ikaenda kwa Tokina, f/3.5 vilevile, lakini chujio ikashuka hadi 62mm. Baadaye wakaja Komine na toleo la f/2.8-4, na mwisho Cosina. Mama mdogo akasoma kwenye kifuniko: 67. Basi ni toleo la kwanza, na mwaka ni 1976. Ushahidi wa pande mbili umekubaliana.

Kwa hiyo yule mnunuzi alisema kweli kwamba Vivitar ni jina. Hakusema kwamba nyuma ya jina hilo kulikuwa na mafundi hodari. Cosina wapo hadi leo na ndio wanaotengeneza lenzi za Voigtländer. Tokina nao wapo. Jina la Vivitar lenyewe ndilo lililouzwa: mwaka 2008 lilinunuliwa na Sakar, kampuni nyingine ya Marekani.

Nakiri jambo hili limenigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Kuna programu niliyoiandika usiku kucha kwa miezi mitano, na leo inatumika ikiwa na nembo ya mteja. Jina langu halimo. Nililipwa, sina kesi. Lakini nilipoiona ile 22 nilifikiria kuhusu fundi wa Kino, wiki ya tatu ya mwaka 1976, akifunga skrubu za kitu kitakachobeba jina la tajiri wa California. Angalau yeye aliachiwa tarakimu mbili.

Nilimweleza mama mdogo yote haya. Nikamwambia si mali ya kumtajirisha, ila asiitoe kwa elfu moja. Akanyamaza, kisha akasema, "Hata hivyo siuzi. Nilitaka tu kujua kama alidanganywa alipoinunua."

Hakudanganywa, mama.

Nanyi mkiwa na lenzi kuukuu nyumbani, isomeni nambari kabla ya kumsikiliza mnunuzi. Tuonane wiki ijayo.