Ujumbe wa Jirani Uliopitia Angani

Mwaka 2000, mfanyakazi wa ofisi ya Westlands alipomwandikia barua pepe mwenzake aliye katikati ya jiji la Nairobi, kilomita tatu au nne tu kutoka kwake, ujumbe ule haukuteremka na Waiyaki Way. Iwapo ofisi hizo mbili zilikuwa wateja wa kampuni tofauti za intaneti, ujumbe ulitolewa nje ya nchi, ukarushwa hadi setilaiti iliyo takribani kilomita 36,000 juu ya ikweta, ukashushwa Ulaya au Marekani, ukakabidhiwa huko na kampuni moja kwa nyingine, kisha ukapandishwa tena angani ili urudi Nairobi. Hakuna mtambo uliokuwa umeharibika. Mtandao ulikuwa umepangwa hivyo, na safari hiyo ililipiwa kwa dola, kwenda na kurudi.

Historia ya intaneti nchini Kenya husimuliwa mara nyingi kama historia ya uhaba: hatukuwa na waya baharini, waya ukaja, shida ikaisha. Mimi naona simulizi hiyo inaacha nje jambo lililo kubwa zaidi. Tatizo la kwanza la Nairobi lilikuwa namna ya kugawana kidogo kilichokuwepo, na hasa nani mwenye mamlaka ya kupanga foleni. Wataalamu wa kompyuta wana neno zuri kwa hali ambapo watu wengi wasiojuana wanatumia mtambo mmoja: huwaita wapangaji. Mkaazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa neno hilo. Kwenye ploti yenye tangi moja la maji na vyumba ishirini, ukubwa wa tangi ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni nani anashika ufunguo wa bomba, na mwenye ndoo moja anatendewaje mbele ya mwenye mapipa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa inafichua mengi. Kupanda hadi setilaiti na kushuka ni kilomita 72,000, na mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo mruko mmoja huchukua karibu robo ya sekunde. Ujumbe wa kwenda kwa jirani ulihitaji miruko miwili, na jibu lake miwili tena. Jumla inakaribia sekunde moja, na hiyo ni sheria ya maumbile ambayo mhandisi hawezi kuipunguza. Lakini muda uliopimwa siku zile kati ya kampuni mbili za Nairobi ulikuwa baina ya milisekunde 1,200 na 2,000. Ile ziada, ambayo wakati mwingine ilifika sekunde nzima nyingine, kwa sehemu ni nyaya za ng'ambo, na kwa sehemu kubwa ni wembamba wa njia na kungoja zamu. Yaani hata tukiisamehe mbingu umbali wake, bado foleni ilikuwa na hesabu yake ya kujibu.

Foleni hiyo ilikuwa na mwenyewe. Intaneti ya biashara ilianza kushika mizizi Nairobi katikati ya miaka ya 1990, kupitia kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani. Shirika la Posta na Simu lilipogawanywa mwaka 1999, Telkom Kenya ilirithi nyaya pamoja na haki ya pekee ya kupitisha mawasiliano ya kimataifa hadi mwaka 2004, na uti wa mgongo wake wa intaneti ukaitwa Jambonet. Kampuni nyingine zote zilikuwa wapangaji ndani ya nyumba hiyo moja. Kodi ya upangaji ilikuwa nzito, na ilimwelemea zaidi mdogo. Njia ya kimataifa ya kilobiti 64 kwa sekunde iligharimu dola 3,375 kwa mwezi. Ya kilobiti 512 iligharimu dola 9,546. Gawanya mwenyewe: mwenye njia nyembamba alilipa karibu dola 53 kwa kila kilobiti, mwenye njia pana chini ya dola 19. Kampuni changa ililipa karibu mara tatu kwa kipimo kilekile, kisha ikatumia sehemu ya kipimo hicho kurusha angani barua za mtaa wa pili.

Mwishoni mwa Novemba 2000 kampuni hizo, zikiwa chini ya chama chao cha TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, KIXP. Fikra yake ni nyepesi. Kila kampuni inavuta njia yake hadi chumba kimoja, na humo zinaunganishwa, ili ujumbe wa jirani ukabidhiwe jirani papo hapo. Telkom ilipeleka malalamiko kwa Tume ya Mawasiliano, ikidai kwamba haki yake ya pekee imevunjwa, na katika muda wa wiki mbili hivi tume ikaamuru kituo kifungwe kwa kuwa hakikuwa na leseni. Kampuni zilijibu kwamba huo ulikuwa mpango wa kikundi cha watu walioafikiana, na kwamba mawasiliano ya nchi za nje yangeendelea kupita kwa Telkom kama kawaida. Shauri lilivutwa karibu mwaka mzima, kwa rufaa, kwa shinikizo la umma na kwa mazungumzo ya faraghani, hadi leseni ikatolewa Novemba 2001. Katikati ya Februari 2002 kituo kilianza tena kazi kikiwa na kampuni tano. Muda wa kungoja ukashuka hadi milisekunde 60 hadi 80. Njia ya kilobiti 64 ya kufikia kituo iligharimu dola 200 kwa mwezi, na ya kilobiti 512 dola 650.

Ujenzi wa chumba kile wastahili kutazamwa polepole, maana ndani yake mna fikra ya utawala. Palikuwa na swichi mbili za kasi, na kila mwanachama aliweza kuunganisha ruta yake kwenye zote mbili. Moja ikizimika, nyingine inashika kazi. Kando yake palikuwa na ruta mbili maalumu ambazo kazi yake ni kumtangazia kila mmoja njia za wenzake, mpaka wote wawe na ramani moja ya mtandao. Sheria za pamoja ziliwekwa hapo, kwenye kituo. Zaidi ya hizo, kila kampuni ilibaki huru kujipangia masharti yake kwenye ruta yake yenyewe. Kwa hiyo mamlaka yalikatwa vipande viwili: kidogo kinachohitajiwa na wote kilikaa katikati, na kingine chote kikabaki mikononi mwa mpangaji. Hakukuwa na mwanachama aliyeweza kupunguza kasi ya ujumbe wa mshindani wake kwa sababu tu yeye ndiye mwenye nyumba.

Telkom nayo ilikuwa na hoja, na si haki kuipita kwa kejeli. Serikali iliipa haki ya pekee kwa muda maalumu, na mapato ya njia za kimataifa yalikuwa sehemu ya hesabu za shirika lililotarajiwa kubeba mtandao wa nchi nzima, hata kule ambako simu haileti faida. Kampuni za Nairobi zikijitoa, nani atalipia nguzo za mashambani? Hata hivyo, hoja hii inachukulia kwamba mawasiliano ya jirani na jirani ni ya kimataifa, ilhali yaligeuzwa kuwa ya kimataifa na mpangilio uleule uliokuwa ukitetewa. Tena kuna jambo ambalo mhandisi Agner Erlang wa kampuni ya simu ya Copenhagen alianza kulifanyia hesabu tangu mwaka 1909: kungoja hakukui sambamba na mzigo. Katika foleni ya kawaida, njia ikijaa nusu, mgeni hungoja kwa wastani muda wa kuhudumiwa mtu mmoja. Ikijaa asilimia 70, hungoja muda wa watu wawili na ziada. Ikijaa asilimia 90, hungoja muda wa watu tisa. Ukitoa barua za ndani kwenye njia ya setilaiti iliyokaribia kufurika, wanaofaidika kuliko wote ni wale wanaoihitaji setilaiti kweli: hospitali inayoandikiana na London, msafirishaji maua anayengoja bei za Uholanzi. Kuilinda njia ile dhidi ya KIXP kulikuwa kuijaza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Waya za baharini zilipofika Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010, setilaiti ilipoteza kazi yake kubwa na uhaba ukalegea kuliko ambavyo KIXP ingeweza kuulegeza kamwe. Je, kituo hakikuwa kiraka cha muda tu? Ushahidi haukubali. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2012 na shirika la Internet Society, waya zikiwa tayari zinafanya kazi, ulikuta kituo kinapitisha zaidi ya gigabiti moja kwa sekunde saa za kilele, kikishusha muda wa kungoja kutoka milisekunde 200 hadi 600 na kuufanya kati ya 2 na 10, na kuokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Kufikia 2020 kilele kilikuwa gigabiti 19, na akiba karibu dola milioni 6. Njia pana za nje zilizidisha matumizi, na matumizi yakazidisha mambo ya kukabidhiana nyumbani. Mamlaka ya Mapato, yenye makao yake Times Tower, ilijiunga na kituo, hivyo hati za kodi na forodha za Wakenya zikapata njia ya nyumbani. Na Februari 2012, nanga ya meli ilipoukata waya wa TEAMS karibu na Mombasa, siku chache baada ya waya nyingine kukatika Bahari ya Shamu, ujumbe uliokabidhiwa ndani ya Nairobi haukuwa na haja ya bahari.

Linalonitia mashaka zaidi katika hoja yangu mwenyewe ni M-Pesa. Huduma hiyo ya kutuma pesa kwa simu ilizinduliwa Machi 2007, ikasimamiwa na kampuni moja yenye makao Waiyaki Way, na kwa miaka minane mitambo yake ilikaa Ujerumani. Mama mboga wa Kangemi akimtumia nauli mwanawe aliye River Road, agizo lilikwenda Ulaya na kurudi, kama zile barua za mwaka 2000, mpaka Aprili 2015 mfumo ulipohamishiwa Kenya. Wapangaji wake waliongezeka mwaka hadi mwaka: maduka, vyuo, kampuni za umeme na maji, na tangu Novemba 2012 akiba na mikopo ya benki kupitia M-Shwari. Wote hulemea mtambo uleule mwisho wa mwezi. Hapakuwa na chama wala kura, na bado umebeba uchumi wa watu. Nakubali kwamba fedha ni kitu cha namna yake. Salio ni daftari moja, na lazima mmoja aamue ni muamala upi umetangulia, la sivyo shilingi moja italipwa mara mbili. Chumba cha swichi hakina daftari. Lakini kukubali mtunza daftari mmoja si kukubali kwamba yeye ndiye aweke masharti ya wapangaji wote. Mteja wa mtandao mmoja wa simu alisubiri hadi Aprili 2018 ili atume pesa moja kwa moja kwenye pochi ya mteja wa mtandao mwingine. Miaka kumi na mmoja hiyo haikupotea kwa sababu ya uchache wa seva.

Sasa swali limerudi kwa umbo jingine. Kampuni za programu zilizojaa Kilimani, Lavington na Barabara ya Ngong hukodi mashine ambazo hazijaziona: Microsoft ilifungua vituo vyake Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua Cape Town mwaka 2020, na wapangaji wengine wamekodi Ireland. Humo, prosesa moja hugawiwa wapangaji wengi kwa sehemu ndogondogo za sekunde, na msimamizi wa foleni ni programu ambayo masharti yake yaliandikwa kwingine. Programu mbili za majengo yanayotazamana kwenye Barabara ya Ngong zaweza kuzungumza kwa kupitia mkataba wa nchi nyingine. Mwezi Mei 2024, mwezi uleule ambao EASSy na SEACOM zilikatika na Afrika Mashariki ikakwama, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi zilitangaza mpango wa dola bilioni moja wa kituo cha data kitakachotumia umeme wa mvuke wa Olkaria. Olkaria si mbali na Longonot, ambako mwaka 1970 kilifunguliwa kituo cha setilaiti kilichoiunganisha Kenya na dunia. Mazungumzo ya hadharani juu ya mpango huo yamekuwa ya megawati na dola. Masharti ya wapangaji, yale ambayo mwaka 2001 yaligharimu Nairobi karibu mwaka mzima wa mabishano, hayajapata nafasi yake.